Nauli, Posho na Mkataba: Mali ya Wote Mikononi mwa Wachache

(Mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, Mombo)



Mada hii ilipotangazwa vigangoni, baadhi yenu mlituuliza kama Tume ya Haki na Amani sasa imegeuka kuwa ofisi ya uhasibu. Swali hilo ni la haki. Mmezoea kutusikia tukinena juu ya migogoro ya mashamba, juu ya wakulima na wafugaji huko bondeni, juu ya wajane wanaonyang'anywa nyumba na shemeji zao. Nauli ya mtumishi wa serikali na sahihi ya mkurugenzi juu ya mkataba ni mambo makavu. Hayamtoi mtu machozi. Hata hivyo sisi tuliomo katika Tume, tukirudia kumbukumbu zetu za miaka kadhaa, tumeona kwamba manung'uniko mengi yanayoletwa kwetu, ukiyafuata hadi chanzo chake, huishia katika mojawapo ya milango hiyo miwili. Darasa lililopasuka ukuta kabla ya mwaka kwisha huishia katika mkataba. Mwalimu aliyekata tamaa na kuacha kufundisha vipindi vyake huishia katika madai ya uhamisho ambayo hayakulipwa.

Wala jambo hili si geni katika Maandiko Matakatifu. Mtume Paulo alipokusanya sadaka ya makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuibeba peke yake. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba makanisa yenyewe yalimchagua ndugu wa kusafiri pamoja naye, ili asiwepo mtu wa kumlaumu katika kuitunza fedha ile nyingi, na ili mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya watu pia. Tuangalie vema: Paulo, ambaye hakuna aliyemshuku, ndiye aliyetaka asafiri na shahidi. Hakuona haya, wala hakusema kwamba anavunjiwa heshima.

Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilikutana Roma mwaka 1994, na mwaka uliofuata, tarehe 14 Septemba 1995, Papa Yohane Paulo II alitia sahihi waraka wa Kanisa Barani Afrika akiwa Yaoundé. Humo Tume za Haki na Amani zilitakiwa ziwepo katika ngazi mbalimbali za Kanisa. Basi sisi hapa Mombo tumo katika kazi hiyo, na kazi hiyo hutulazimu mara nyingine kusoma sheria ambazo hazipendezi kusomwa.

NENO POSHO LIMETOKA WAPI

Mombo ni mji wa wasafiri. Reli ya Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na tangu hapo mtu anayekwenda Lushoto hana budi kushuka kwetu na kuanza kupanda mlima. Mabasi ya Arusha na Dar es Salaam husimama hapa watu wale. Tunaishi kwa safari za wengine, na kwa hiyo yafaa tujue maana ya posho.

Wazee wetu waliofanya kazi katika mkonge wanaikumbuka vizuri. Posho ilikuwa kipimo cha unga na maharage alichopewa kibarua ili aweze kuishi hadi kesho yake arudi shambani. Kabla ya mkonge ilikuwa ni chakula cha mpagazi katika msafara. Haikuwa mshahara, wala haikuwa zawadi. Ilikuwa kile kisichopungua ili kazi iendelee. Na kibarua yule alikuwa na kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, ambayo nyapara aliitia alama kila siku kazi ilipomalizika. Siku isiyotiwa alama haikuhesabiwa. Hatuusifu utaratibu ule; wengi waliumizwa nao, na zipo familia katika parokia hii ambazo babu zao waliletwa hapa kutoka mbali kwa sababu yake. Twasema tu kwamba mtu mdogo kuliko wote alidaiwa uthibitisho wa kila siku ya kazi yake. Ajabu ni kwamba neno lile lile, posho, lilipopanda na kufika kwa wakubwa, kipande kilibaki chini.

Sheria haikukusudia iwe hivyo. Mtumishi wa umma akitumwa nje ya kituo chake kwa kazi ya serikali, anastahili nauli na posho ya kujikimu kwa kila usiku atakaolala huko. Akihamishwa kwa manufaa ya umma, anastahili kulipiwa nauli yake na ya familia yake, kusafirishiwa mizigo, na kupewa fedha ya kujikimu anapoanza maisha katika kituo kipya. Akienda likizo hulipiwa nauli kila baada ya miaka miwili. Hayo yamo katika Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009. Viwango vya posho hupangwa kwa waraka wa serikali. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Julai 2022, kile cha juu kwa safari za ndani kilipanda kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku, na kile cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000.

Yafaa tutulie kidogo hapa, kwa sababu wengi hawaelewi jinsi posho inavyofanya kazi. Posho ya kujikimu ni kiwango maalumu. Mtumishi hadaiwi stakabadhi ya wali aliokula wala ya chumba alicholala. Akila ugali na dagaa na kulala kwa shangazi yake, kinachobaki ni chake kwa haki. Ndiyo maana swali la pekee lenye uzito ni hili: je, alikwenda? Na je, alikaa huko siku zilizoandikwa? Mtu akiandika siku saba naye alikaa mbili, siku tano zile ni wizi, hata kama karatasi zote zina mihuri. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 22, imelitaja kuwa ni kosa la jinai kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri. Hakuna kiwango kilichosamehewa.

Fedha nyingine za safari, kama vile mafuta ya gari au ukodishaji wa ukumbi, hutolewa kwa njia ya masurufu. Masurufu ni fedha iliyotangulia. Anayeichukua bado ni mdaiwa. Kwa utaratibu wa Memoranda ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2009, anatakiwa kuyarejesha kwa stakabadhi ndani ya majuma mawili baada ya shughuli kumalizika. Asipofanya hivyo, yakatwe katika mshahara wake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameandika juu ya masurufu yasiyorejeshwa katika taarifa zake mara nyingi mno, hata msomaji akaacha kushtuka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo. Linalokosekana ni mtu wa kulifungua.

Ukubwa wa jambo lenyewe ulionekana wazi tarehe 20 Novemba 2015, Rais John Magufuli alipolihutubia Bunge. Alisema kwamba katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, safari za nje za watumishi na viongozi zilitumia shilingi bilioni 356.3, na kati ya hizo tiketi za ndege peke yake zilikuwa bilioni 183.1 na posho za kujikimu bilioni 104.5. Safari za nje zikapigwa marufuku ila kwa kibali. Watu walishangilia, nasi tulishangilia. Lakini tukubali pia kwamba kuzuia safari si sawa na kutunza haki katika safari. Mganga asiyefika kukagua zahanati ya mlimani kwa sababu mafuta yamekatwa, naye ameiletea hasara serikali, ingawa hasara hiyo haiandikwi popote. Kuna safari inayostahili kulipwa shilingi kwa shilingi, na hailipwi.

MWALIMU NA PIKIPIKI

Tumfikirie mwalimu. Yeye si mtu mmoja. Tumewasikiliza wengi wa namna yake. Amehamishwa kutoka shule ya bondeni kwenda shule ya mlimani. Ana mke, watoto watatu, vitanda viwili, kabati, kuku. Barua ya uhamisho anayo mkononi, ila fedha haijafika, naye anaambiwa atangulie kuripoti, atalipwa. Anakopa kwa jirani, anakodi gari dogo hadi barabara inapokomea, kisha pikipiki mara sita. Madai anayaandika na kuyapeleka. Yanahakikiwa. Mwaka unapita, yanahakikiwa tena. Viongozi wa serikali wenyewe wamerudia mara nyingi agizo kwamba mtumishi asihamishwe kabla fedha ya uhamisho wake haijatengwa. Agizo lenye kurudiwa mara nyingi ni dalili kwamba halifuatwi.

Lipo jambo jingine baya zaidi. Sheria hailipi uhamisho ambao mtumishi ameuomba mwenyewe. Kwa hiyo wapo walioshauriwa, kwa sauti ya upole, waandike barua ya kuomba kuhama, ili mambo yaende haraka. Akishaiandika barua ile, amejinyang'anya haki yake kwa mkono wake mwenyewe, na ofisi haina deni. Tunawaomba walimu, wauguzi na maafisa ugani waliomo katika jumuiya zetu wasikubali kuandika uongo huo, hata wakiwa na haraka gani. Na tunawaomba wanajumuiya wengine wasiwacheke.

Katika Kitabu cha Nehemia, sura ya 5, tunasoma kwamba liwali yule, muda wa miaka kumi na miwili aliyotawala Yuda, hakula posho ya uliwali iliyokuwa haki yake, kwa sababu mzigo juu ya watu ulikuwa mzito. Waliomtangulia waliichukua, na watumishi wao wakawaonea watu juu yake. Hatuwadai watumishi wa leo wawe kina Nehemia. Mwalimu wetu ana watoto wa kulisha. Tunadai tu kwamba posho ya mkubwa isipite mbele ya nauli ya mdogo katika foleni ya malipo, maana fungu ni moja.

NANI ANA MAMLAKA YA KUIFUNGA SERIKALI

Mlango wa pili ni mkataba. Watu wengi huamini kwamba diwani ndiye anayetoa kazi, au mbunge, au mkuu wa wilaya. Hivyo sivyo. Katika halmashauri ya wilaya, mwenye mamlaka ya kuingia mkataba ni Mkurugenzi Mtendaji, ambaye sheria humwita Afisa Masuuli, yaani mtu atakayeulizwa. Baraza la Madiwani hupitisha bajeti na kupokea taarifa, ila halichagui mzabuni. Wala Mkurugenzi mwenyewe hachagui kwa kupenda kwake. Idara yenye uhitaji huomba. Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi hutayarisha zabuni. Kamati ya tathmini hupima. Bodi ya Zabuni huidhinisha. Mwanasheria hupitia maneno ya mkataba. Ndipo Mkurugenzi anapotia sahihi. Kwa kanuni za mwaka 2013, mkataba wa shilingi bilioni moja au zaidi ulipaswa kupitiwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Hatua hizo huwachosha watu, na tumewasikia hata wacha Mungu wakisema ni urasimu. Lakini tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi alipoona kwamba hekalu halitengenezwi ingawa fedha inaingia, liliwekwa sanduku lenye tundu kando ya madhabahu. Sanduku lilipojaa, walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakaihesabu fedha pamoja, kisha wakawapa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Aliyepokea fedha si yule aliyehesabu peke yake, na aliyehesabu si yule aliyejenga. Sheria zetu za ununuzi, pamoja na urefu wake wote, hazisemi zaidi ya hilo.

Historia yake ni fupi. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa taarifa yake juu ya rushwa mwaka 1996, nayo iligusa zabuni za serikali. Bunge likatunga Sheria ya Ununuzi wa Umma mwaka 2001, ikafuatwa na ile ya mwaka 2004 iliyoanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, kisha ya mwaka 2011, na sasa ipo Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwezi wa Juni 2024. Sheria nne katika robo karne. Kila moja imetungwa kwa sababu ile iliyotangulia ilipata watu wa kuizunguka.

Mfano ambao Watanzania hawatausahau ni ule wa umeme wa dharura. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, na nchi ikawa gizani. Mwezi wa Juni mwaka huo TANESCO ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Richmond wa kuzalisha megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati. Kamati Teule ya Bunge, chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe, ilieleza mwezi wa Februari 2008 kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi hiyo, na kwamba taratibu za ununuzi zilikiukwa kwa maamuzi yaliyotoka juu ya shirika lenyewe. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu tarehe 7 Februari 2008, akisema kwamba kamati haikumpa nafasi ya kumsikiliza. Mawaziri wawili walijiuzulu pia. Lakini habari haikwisha hapo. Mkataba ulikuwa umeshahamishiwa kampuni ya Dowans, na TANESCO ilipouvunja, baraza la usuluhishi la kimataifa liliamua mwaka 2010 kwamba shirika lilipe fidia ya takriban shilingi bilioni 94. Waliojiuzulu waliondoka, sahihi ilibaki. Serikali ikishafungwa kwa mkataba imefungwa, na anayelipa ni yule anayenunua umeme wa shilingi elfu mbili dukani hapo kituoni.

Nasi tusidhani kwamba mamlaka ya mkataba yako Dodoma na Korogwe tu. Halmashauri ya kijiji, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, ni chombo chenye nafsi yake kisheria. Yaweza kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Tunasema halmashauri, si mwenyekiti. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hata halmashauri nzima haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji pasipo idhini ya mkutano mkuu. Katika Korogwe na Handeni wamefika wageni wenye magari mazuri, wakakaa na mwenyekiti na mtendaji chini ya mwembe, wakaondoka na karatasi yenye mhuri. Karatasi ya namna hiyo haina nguvu ya sheria. Lakini wananchi wasiolijua hilo huhama wenyewe, na wakishahama, ni miaka ya kesi.

MIFUKO KUMI NA SABA

Siku hizi shule na zahanati nyingi hazijengwi na mkandarasi. Hujengwa kwa utaratibu ambao watu huuita fosi akaunti: fedha huletwa katika akaunti ya shule, vifaa hununuliwa, mafundi wa papo hapo hulipwa kwa kazi yao. Ndivyo yalivyojengwa mengi ya yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021. Utaratibu huo ni wa nafuu, nao umewapa vijana wetu kazi. Lakini umeleta jambo ambalo hatukulitazamia: sisi wenyewe tumeingia ndani ya sheria ya ununuzi. Shuleni huundwa kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, na wajumbe wake ni wazazi na wanakijiji. Ni ninyi mliokaa hapa.

Mmoja wetu katika Tume hii alikuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi katika shule moja. Ametupa ruhusa tusimulie, bila kutaja shule. Gari la saruji lilifika Jumamosi jioni, mvua ikinyesha. Dereva alikuwa na haraka. Hati iliandikwa mifuko 200. Wenzake wawili hawakuwapo. Waliambiwa watatia sahihi Jumatatu. Alitia sahihi kwa mwanga wa taa ya gari, akarudi nyumbani. Jumapili baada ya Misa moyo haukumpa raha, akaenda stoo na mlinzi, wakahesabu: mifuko 183. Wakahesabu mara ya pili, kwa sababu mtu hutumaini kwamba amekosea.

Akatuambia kwamba usiku ule alifikiri mambo mengi. Sahihi ni yake. Akinyamaza, hakuna atakayejua, maana saruji ikiisha mapema fundi atapunguza kipimo cha mchanganyiko, na ukuta utasimama, angalau kwa sasa. Akisema, ataonekana ama mzembe ama mshirika. Jumatatu asubuhi aliandika barua, nakala tatu, akieleza kwamba alitia sahihi bila kuhesabu, na kwamba idadi halisi ni 183. Moja aliipeleka kwa mwalimu mkuu, moja kwa mtendaji wa kata, moja akabaki nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa. Hati ya malipo ilikuwa bado haijatiwa sahihi. Kwa sababu hiyo tu, muuzaji alilipwa mifuko 183 na si 200. Barua ingechelewa siku mbili, fedha ingekuwa imekwenda.

Hakushukuriwa. Wapo waliosema amelitia aibu jina la kijiji, na mwaka uliofuata hakuchaguliwa tena katika kamati. Hata leo hajui kama mifuko ile ilishushwa njiani au haikupakiwa kabisa. Tumeisimulia habari hii kwa sababu ndani yake mna sheria yote ya ununuzi kwa kipimo chetu: hesabu kwanza, sahihi baadaye, watu watatu, si mmoja, na malipo yafuate mzigo uliopokelewa, si mzigo ulioandikwa. Mjumbe wa jumuiya anayetia sahihi ya mapokezi anashika ufunguo wa fedha ya umma sawasawa na Mkurugenzi. Nusu ya makosa tunayowalaumu wakubwa yasingewezekana pasipo sahihi zetu ndogo.

Tuongeze neno juu ya mfumo wa kielektroniki wa ununuzi, NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Kusudi lake ni jema: zabuni itangazwe hadharani, na kila hatua iache alama isiyofutika. Lakini seremala wa mlimani asiye na simu ya kisasa wala namba ya mlipakodi haonekani humo, na kazi ya madawati iliyokuwa yake huenda mjini. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kina mama wa WAWATA wenye kikundi cha kushona sare, na vijana wenye karakana, wakisajiliwa kisheria, wanaweza kuomba. Hatujamwona hata mmoja wa parokia yetu aliyefanya hivyo. Kosa hilo si la serikali peke yake.

YA KUULIZA

Ibara ya 27 ya Katiba humwagiza kila mtu kulinda mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Kwa hiyo kuuliza si fitina. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitwe kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe humo. Wengi wetu huenda mkutanoni siku ya kugawa mbolea ya ruzuku, ila siku ya kusoma hesabu tunabaki na mpunga wetu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko katika ofisi ya umma, na ofisi ina siku thelathini za kumjibu. Ombi liandikwe, liwe na tarehe, nakala igongwe mhuri. Maneno ya mdomo hayahesabiwi.

Tuulize kwa adabu, na tuulize jambo moja kwa wakati. Mkataba wa darasa hili ni wa shilingi ngapi, na nani aliidhinisha? Mwalimu wetu amelipwa nauli yake? Anayeuliza maswali ishirini kwa hasira hujibiwa kwa hasira. Anayeuliza moja na kurudi tena baada ya siku thelathini huwatia watu taabu kubwa zaidi. Pale ambapo nyaraka zinaonyesha udanganyifu, ofisi ya TAKUKURU ya wilaya ipo. Lakini tusipeleke huko ugomvi wa siasa wala wivu wa jirani, tukaufunika kwa jina la Kanisa.

Tena tuyaangalie ya kwetu. Parokia nayo hununua saruji. Parokia nayo hutuma watu safarini. Padre na mtunza hazina wakiwa ndio waombaji, waidhinishaji na wapokeaji, hatuna mdomo wa kusemea halmashauri. Baadhi ya vigango bado havijasoma hesabu za mwaka uliopita, nasi tunavijua.

Na kwa kuwa semina hii imetumia fedha zenu, hesabu zake zimebandikwa mlangoni, upande wa kulia mnapotoka. Nauli zimelipwa kwa wajumbe wa vigango vya mlimani peke yao, kila mmoja kwa sahihi yake. Mjumbe mmoja alipata lifti ya lori la mbao hadi Mombo, akarudisha shilingi 4,000. Zimeandikwa katika mstari wa mwisho. Chakula kimepikwa na WAWATA, na stakabadhi za mchele na mafuta zimefungwa pamoja na karatasi hiyo. Atakayeona kosa amwone mtunza hazina kabla ya saa kumi, maana baada ya hapo anawahi basi la Korogwe.